Jina la Mama na Nondo wa Bumbire

Niliwahi kukaa kisiwani Bumbire alasiri nzima, juu ya gogo chini ya mpera, nikiomba asije mtu. Si mtu hasa, dume. Karibu na kichwa changu, ndani ya kijumba cha wavu nilichokitundika tawini, alikuwamo nondo jike niliyemtoa Izimbya kwenye mibuni ya mama yangu, nikavuka naye ziwa ndani ya kopo la plastiki. Alikuwa amechomoza ncha ya tumbo lake, kama wafanyavyo majike wa aina yake wanapowaita madume kwa harufu. Mimi nilikuwa nikitazama huku na huko, nikiomba madume wa kisiwani wasimsikie. Wakija, kazi yangu imekwisha. Wasipokuja, mama yangu atapata jina.

Inabidi nieleze, maana kueleza ndiyo kazi inayonilisha. Nafundisha biolojia chuoni Bukoba, na naishi peke yangu Rwamishenye katika nyumba ya kupanga ambayo chumba chake kimoja ni cha viwavi. Niliwahi kuolewa, hayo tuyaache. Majirani zangu ni watu wema, wananisalimia vizuri, na watoto wao wamekatazwa kuingia kwangu kwa sababu ya wadudu. Jioni nasikia redio zao na sufuria zao. Mimi nabadilisha majani kwenye makopo, nafagia vinyesi vya viwavi, nanawa mikono, nakula. Sisemi kwamba ni maisha mabaya. Nasema tu kwamba ziko wiki ambazo, ukitoa darasani, sauti yangu mwenyewe naisikia pale tu ninapomkemea kiwavi.

Nondo ninayemzungumzia hana umaarufu wowote. Dume ni mdogo, ana rangi ya jani kavu la mgomba, doa jeupe katika kila bawa la mbele, na papasi mbili zenye meno kama kitana. Jike hana mabawa kabisa. Ukimwona utadhani ni mfuko wa mayai uliooteshwa miguu. Anatoka ndani ya kifukofuko chake, ile nyumba ya nyuzi na manyoya aliyojishonea akiwa kiwavi, anapanda juu ya paa, na hapo ndipo anapomalizia maisha yake. Haendi popote. Anatoa harufu na kungoja. Dume akija, jike anataga mayai pale pale juu ya kifukofuko na kufa. Asipokuja, anakufa vilevile, ila anachelewa kidogo. Wanafunzi wangu wakifika hapo huwa wananitazama kwa namna fulani, nami huwaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Viwavi wake kila mtoto wa Izimbya anawajua kwa ngozi. Unachuma kahawa, mkono unagusa jani, na papo hapo unawaka kama umeshika upupu. Mama alikuwa akitupaka samli, mimi na kaka yangu, na kutuambia tuendelee kuchuma kwa mkono mwingine. Kwa hiyo siku nilipokwenda Bumbire na wanafunzi kutazama mimea ya ufukweni, nikashika tawi la mpera na mkono ukawaka, sikuhitaji kuangalia. Nilimjua. Nilipoangalia ndipo nikawa sina hakika. Manyoya ya mgongoni, ambayo kwetu ni ya njano, huyu alikuwa nayo ya kijivu. Nilirudi Rwamishenye na viwavi kumi na kitu ndani ya ndoo, nikawalea, na madume waliotoka walikuwa weusiweusi, doa lao jeupe limefifia kiasi cha kulitafuta kwa lenzi.

Swali likawa: huyu ni yule yule wa kwetu aliyebadilika rangi, au ni spishi nyingine?

Watu hudhani kuna mahali mambo haya yanapoamuliwa. Mama yangu alidhani ni serikalini. Hakuna. Hakuna mahakama ya nondo wala bodi yao. Kuna mtu mmoja anayeandika kwamba hawa ni spishi mbili, anatoa sababu zake, wenzake wanasoma na kubisha, na baada ya miaka ama wamekubali au wamelisahau jina alilotoa. Kwa hiyo kazi nzima ni kukusanya sababu, na sababu moja haitoshi.

Sura haitoshi kabisa. Senene wa kijani na senene wa kahawia wanaanguka usiku mmoja na kuingia katika sufuria moja, na hakuna Mhaya aliyewahi kudhani ni wadudu wawili. Tena wapo nondo ambao kwa macho ni mapacha, kumbe hawana undugu wa karibu. Kwa hiyo nilikwenda ndani zaidi. Unamchukua dume aliyekauka, unakata ncha ya tumbo, unailoweka katika magadi makali yaliyopashwa moto mpaka nyama iyeyuke na kubaki sehemu ngumu za uzazi, kisha unazipanga chini ya hadubini kwa brashi ya nywele chache. Kwa nondo wengi kile kishikizo ambacho dume humshikia jike ndicho kitambulisho chake. Vishikizo vya madume wa Bumbire vilikuwa vimepinda zaidi. Nilifurahi kwa muda wa juma moja, mpaka nilipopasua madume wengi zaidi wa Izimbya na kumkuta mmoja aliyepinda kuwashinda wote wa kisiwani.

Nikatuma miguu ya nondo, miguu mikavu ndani ya vichupa, kwenye maabara ya nje inayosoma vinasaba. Jibu likaja kwamba tofauti ipo, ni kubwa kuliko ya nondo wa vijiji jirani, ni ndogo kuliko ile inayozoeleka kati ya spishi mbili. Jibu la mwanasiasa. Nikajaribu chakula: viwavi wa kisiwani niliwapa majani ya kahawa, wakasusa, kisha njaa ilipowazidi wakala kwa kununa. Hapo nikabaki na njia moja tu, kuwauliza wenyewe.

Namna ya kuwauliza ni hii. Viumbe wawili wakikutana porini na wasitakane, au wakitakana na watoto wao wasizae, una sababu nzito ya kusema ni spishi mbili. Lakini hawa hawakutani. Jike hana mabawa na kati yao kuna ziwa. Lazima mtu awakutanishe, ndipo nikawa mshenga, kazi ambayo wanawake wa kwetu walio katika hali yangu hawapewi. Ningemtundika jike wa Izimbya kule Bumbire na kuona kama madume wa kule wanamtaka. Na mshenga huyu alikuwa akiomba posa ikataliwe, kwa sababu ya mama.

Mama anaishi peke yake Izimbya, kwenye kibanja alichokiacha baba, migomba na mibuni imemzunguka. Tulizaliwa wawili. Kaka yangu alikufa kijana, miaka ile ambayo Kagera ilikuwa ikizika watu wake kila wiki, na hakuacha mtoto. Mimi sikujaliwa. Sasa kwetu, kama kwa watu wengi, mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini. Anakuwa mama wa fulani. Mama yangu wanamwita Mama Mwalimu. Baba ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina lake lenyewe la Kihaya, na dada yake mkubwa, na wote wawili wako chini ya migomba. Jina la namna hiyo hurudi mezani anapozaliwa mjukuu wa kike na kupewa. Mjukuu hakuja.

Hakuwahi kulalamika. Lakini siku moja tulikuwa tunamenya ndizi, akasema bila kuniangalia, "Jina langu nitaondoka nalo." Alisema tu, akachukua ndizi nyingine.

Ilinichoma. Na mimi nikichomwa huwa nasema haraka. Nikamwambia kwamba naweza kumpa nondo jina lake. Nikamweleza utaratibu: anayeieleza spishi kwa mara ya kwanza ndiye anayeipa jina, na jina linaweza kuwa la mtu, linaongezwa mkia wa Kilatini, linaandikwa katika vitabu, na maadamu watu wanasoma juu ya wadudu litakuwa linatamkwa. Akauliza ni nondo gani. Nikamwambia. Akaweka kisu chini.

"Kile kiwavi cha kuwasha?"

Alininunia mpaka jioni. Kabla ya kulala akauliza kama jina lingeandikwa lote au lingekatwa. Asubuhi, nikiwa nafunga mzigo, akauliza kama Wazungu wataweza kulitamka. Nikamwambia watajikaza. Nikajua amekubali.

Basi nikaenda Bumbire. Kutoka Rwamishenye unapanda gari hadi Muleba, unashuka kwa bodaboda mpaka mwaloni, unangoja boti ijae. Unafika kisiwani baada ya saa sita mchana. Boti hiyo hiyo inaondoka alfajiri na magunia ya dagaa. Kambi ni mabanda ya bati, duka, baa, sala ya Jumapili na watu waliotoka kila upande wa ziwa, Ukerewe, Mara, Mwanza, wengine hawajui wataondoka lini. Nilipenda pale. Ni mahali ambapo hakuna anayekuuliza kwa nini uko peke yako, kwa kuwa wengi wao wameacha watu mahali.

Kijumba nilikitundika kwenye mpera ulio nyuma ya vichanja vya dagaa. Upande wa pili wa vichanja alikuwapo mama mmoja mfanyabiashara, Mkerewe, aliyekuwa akigeuza dagaa zake kwa reki na kunitazama. Nilimweleza ninachofanya. Alicheka mpaka akaegemea reki. Kila alipopita aliuliza kama mchumba amepatikana, na kila nilipojibu bado alimpa pole nondo, mimi hakunipa.

Hakuja hata mmoja. Izimbya, ukimtundika jike baada ya chakula cha mchana, madume wanafika kabla chai haijapoa, wanahangaika kwenye wavu kama wana deni. Bumbire nilikaa mpaka jua likazama na yule jike akarudisha tumbo lake ndani. Nilirudi mara ya pili na jike mwingine, na ya tatu. Kimya. Upepo wa ziwa tu ukipiga majani ya mpera. Nilimhurumia yule mdudu, kweli nilimhurumia, na wakati huohuo moyo wangu ulikuwa unapiga vigelegele.

Nilirudi Rwamishenye na furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia. Nyumba yangu iko hivyo, ukiingia na habari njema unawakuta kiti na meza. Mtu mwenye watu nyumbani angesema huko huko, wangemjibu, furaha ingepoa, na angengoja wenzake wasome kazi yake kwanza. Mimi Jumamosi nilikuwa Izimbya. Nikamwambia mama kwamba nondo amekubali.

Wiki ile jumuiya ilikuwa inasali kwake. Baada ya rozari mama akasimama na kutangaza. Alikuwa amekwisha kuandaa, ndizi na maharage, senene wa kukaanga aliowatunza kwa ajili ya wageni wa maana, na rubisi, pombe ya ndizi, kutoka kwa jirani. Kwetu jina halipokelewi kwa midomo mikavu, na hapa lilikuwa limepata mtoto, hata kama mtoto mwenyewe ni mdudu. Mzee mmoja aliuliza huyo nondo ana faida gani. Nikasema hana. Wakacheka, wakasema hata watoto wao wengine hawana. Kisha mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Kasinge, waitu," akamshika mama mikono na kumpongeza, akimtaja kwa jina lake. Wengine wakafuata. Mama wa kwaya akaliingiza katika wimbo. Vijana ambao hawakujua kwamba Mama Mwalimu ana jina wakawa wanalijaribu mdomoni, wanacheka, wanalirudia. Mama alikuwa ameketi mkekani, mikono mapajani, anatazama chini kama bibi harusi. Sikuwahi kumwona vile kabla, na sikumwona vile tena.

Tangu siku hiyo akaacha kuua viwavi. Nilimkuta amewaacha wanakula mibuni yake kwa raha zao, majani yamebaki mishipa. Nikamweleza kwamba wenye jina lake ni wale wa kisiwani, hawa wa Izimbya wana jina lao zamani, la bwana mmoja wa Ulaya aliyetumiwa nondo ndani ya sanduku na huenda hakuwahi kukanyaga Afrika. Akauliza, hawa na wale si ndugu? Nikasema ndugu, ndiyo, lakini. Akasema basi, yeye hawezi kuua ndugu za jina lake. Majirani wakawa wanamtania kwamba kahawa yake mwaka huu ataivuna kwa Kilatini.

Nikaandika kazi yangu. Kabla ya kuipeleka popote nilimtumia mwenzangu wa chuo kingine aisome, bwana mmoja mkavu asiyejua kusifu. Alisahihisha nukta zangu, akasifu mchoro mmoja, na pembeni mwa maelezo ya Bumbire akauliza swali moja. Jike wa kisiwani mwenyewe ulimtundika pale pale, siku ile ile? Yeye alijiwa na nani?

Nilifunga kompyuta kwa kishindo. Nikamtukana kimoyomoyo mpaka kwao. Nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Niliyaelewa maneno yake mara moja, hilo ndilo lililoniudhi. Majike wa kisiwani sikuwa nao. Vifukofuko nilivyopata mwanzoni vilitoa madume watupu, nikaharakisha na nilichokuwa nacho. Sasa, kama jike wa kisiwani naye angekaa pale mpaka jioni bila kujiwa na yeyote, basi ukimya niliousherehekea haukuwa umesema kitu. Ungekuwa ukimya wa mahali tu.

Nililea viwavi wengine wa kisiwani. Majike walipotoka, nikavuka tena na vijumba viwili, wa Izimbya na wa kisiwani, nikavitundika mbali kidogo, kila mmoja na mpera wake. Nikakaa juu ya gogo langu. Jioni ikafika. Hakuna aliyekuja kwa wa Izimbya. Wala kwa wa kisiwani, mwenyeji, aliyezaliwa pale pale. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani kama kila siku mchana, matawi yanayumba, wavu unayumba, na nondo dume ni kitu chepesi. Nilijiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona mbele ya mtu, na hakukuwa na mtu.

Alfajiri ilinyesha. Dagaa hawakukauka, na mwenye boti akasema haondoki na mzigo mbichi ukamwozea njiani. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza niliiona asubuhi ya Bumbire. Mvua ilikata, jua likatoka, ziwa likalala bila hata mkunjo. Hapakuwa na upepo. Nilichukua kikombe cha chai kwa yule mama Mkerewe, aliyekuwa akitandaza upya dagaa zake, nikaenda kwenye mipera kwa mazoea tu.

Walikuwa wamefika. Kwenye kijumba cha mwenyeji walikuwa madume watatu, weusiweusi, wanapapatika. Nikamwendea mgeni wangu wa Izimbya polepole, nikijua nitakachokikuta. Kwake walikuwa watano. Mmoja alikuwa amepenya upande wa chini, mahali wavu ulipolegea, na alikuwa tayari ameshikamana naye, kimya, kama watu wanaofahamiana tangu zamani.

Nilisimama pale na chai yangu. Nilijua kabisa kwamba hakuna aliyeona. Yule mama alikuwa amenipa mgongo. Ningeweza kuwafukuza kwa mkono, nikaandika kwamba nimerudia jaribio na majibu ni yale yale, na ingepita miaka mingi kabla ya mtu mwingine kuvuka ziwa na jike ndani ya kopo. Mama angeweza kufa jina lake likiwa vitabuni. Nililifikiria hilo, sikulifikiria kidogo. Nililia pia, kwa hasira. Lakini nilimtazama yule jike, aliyetolewa kwao kwenye mibuni, akavushwa maji asiyoyajua, akakaa juu ya paa lake akiita tangu jana yake, na sasa amepatikana. Kuandika kwamba hakujiwa na mtu kungekuwa uongo juu yake. Sikuweza.

Yule mama alikuja kuchukua kikombe. Akaona kijumba, akapiga kigelegele kimoja kifupi, akarudi kwenye dagaa zake.

Hata hivyo nilifuata utaratibu hadi mwisho, kwa sababu kutakana peke yake si ushahidi kamili. Jike alitaga. Mayai yakapasuka. Watoto nikawalea Rwamishenye kwa majani ya kahawa na ya mpera, walikula yote bila kununa, na walipokua nao wakazaa, na wajukuu wakatoka wazima, wengine wa njano, wengine wa kijivu, wengine wenye doa na wengine bila. Chumba kilijaa. Ni spishi moja. Ziwa limewapa rangi tofauti kidogo, basi. Jina lao ni lile la yule bwana wa Ulaya.

Nikaenda Izimbya. Nilimkuta mama kwenye mibuni, ameegemea fimbo, anaangalia majani yaliyotobolewa. Nilimsalimia, nikamweleza yote kwa mpangilio kama ninavyoeleza darasani, kwa sababu nilijua nikisimama katikati sitamaliza. Upepo, asubuhi, madume, mayai, wajukuu. Nikasema hakutakuwa na jina. Nikasema nitakwenda mwenyewe kuiambia jumuiya.

Aligeuza jani moja kwa ncha ya fimbo. Kisha akauliza, "Yule jike wangu, alipata mtu?"

"Alipata, mama. Walikuja wengi."

"Na wewe, siku zote hizo kule, nani alikuja kukuona?"

Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi na kopo lenye maji ya sabuni na vijiti viwili, akanipa kimoja. Tukaanza kuwaangusha viwavi ndani ya maji, jani kwa jani, yeye upande mmoja wa mbuni na mimi upande wa pili. Hakuwaonea huruma tena. Mkono wangu uliguswa, ukawaka, nikaendelea kwa mkono mwingine.

Tulikuwa kwenye mbuni wa tatu au wa nne aliposema kutoka upande wake, ambako sikuweza kumwona uso, "Hebu liseme."

Nikauliza nini.

"Jina langu. Lile ulilotaka kuliandika. Liseme nilisikie."

Kwetu mtoto halitamki jina la mama yake mbele yake. Nimevuka miaka hamsini na sikuwahi. Nilikuwa nimeliandika mara nyingi kwenye kompyuta, na mkia wake wa Kilatini, na kulifuta. Nilishika tawi kwanza. Kisha nikaliita, bila mkia, kama baba alivyokuwa akiliita akitokea barabarani, na sauti ilinitoka ndogo.

"Abee," akaitika upande wa pili wa majani, harakaharaka, kama msichana aliyeitwa na watu wa kwao.

Nikamwita tena.